Nyumba Yenye Majiko Mawili

Wale mliolala wiki iliyopita mkiniombea dua nisiitoe ile bahasha, poleni sana. Dua zenu hazikufika Doha. Na nyinyi mnaotuma meseji gazetini kuniita punguani, endeleeni tu, leo nawaongezea sababu.

Aliyeanza kunisoma leo ajue haya. Naitwa Sabra, mzaliwa wa Muheza, na mwaka huo wa 2013 nilikuwa natandika vitanda katika hoteli moja pale The Pearl. Nilikuwa nimeolewa kwa siri na Nisar, Mhindi wa Kerala, dereva wa lori la maji. Nikahi tulisomewa na ustadhi wa Kisudani aliyekuwa anatazama saa muda wote kwa kuogopa kuchelewa zamu yake. Mume akabaki kambini Industrial Area, chumba kimoja na wanaume wenzake saba. Mke nikabaki Al Mansoura kwenye nyumba ya kampuni. Tukawa mtu na mkewe wa Ijumaa kwa Ijumaa, chai juu ya meza, mikono chini ya meza.

Bahasha ilikuwa na riyali elfu kumi na nane, akiba yangu yote. Nisar alizitaka tuanze msingi wa nyumba kwao Kondotti, mji mdogo karibu na uwanja wa ndege wa Kozhikode. "Nyumba yetu," ndivyo alivyokuwa akiiita. Baada ya Idi ya kuchinja angenipeleka nikamwone mama yake, na tiketi alikwisha kunikatia.

Mtauliza nilikuwa natafuta nini India. Nilikuwa natafuta mlango wa mbele. Miaka mitano niliingia ile hoteli kwa mlango wa nyuma, ule unaoingiza mboga na kutoa taka. Nilipanda lifti ya nyuma. Nilifundishwa kwamba nikikutana na mgeni koridoni niegemee ukuta nitabasamu, na wageni wenyewe ni mijitu mizima inayoacha mataulo sakafuni kama watoto wa chekechea. Sasa anatokea mwanamume anakwambia, "Sabra, utaingia kwa mlango wa mbele, mbao ya mfenesi, na mama yangu atakupokea pale pale kizingitini." Ungefanyaje? Mimi niliisha nguvu.

Asubuhi ya Ijumaa niliyopanga kumpelekea Nisar hizo pesa, Millicent, Mkenya niliyekuwa naishi naye chumba kimoja, askari wa duka kubwa, alinikuta naichomeka bahasha kifuani.

"Sabra, hebu niangalie. Ati unajengea mtu nyumba India?"

"Si mtu. Ni mume wangu."

"Bwana ako ni wa Friday. Hata kinyozi anafungua siku mingi kuliko hiyo ndoa yenu."

"Wivu huo."

"Wivu ya nini? Kwenu Muheza hakuna udongo? Si ujenge huko, hata kama ni kachumba kamoja, ulale ukijua ni kako?"

Millicent alikuwa anamlipia karo mchumba wake Gerishon, eti anasomea uinjinia Nakuru, mwaka wa sita sasa, na kila picha anayotuma ana chupa mkononi. Mtu anayesomesha mlevi hawezi kunifundisha mimi mambo ya pesa. Ndivyo nilivyowaza, na nilijiona mjanja kweli kweli.

"Haya, enda," akasema akijifunika shuka. "Ukirudi ukilia, lia pole pole. Mimi niko zamu ya nait."

Tulikutana kwenye kafteria ya Wakerala nyuma ya mtaa wetu, baada ya swala ya alasiri. Nisar alikuwa amevaa shati jipya. Pembeni yake alikaa mtu mwembamba mwenye kalamu nyingi mfukoni, kama anaogopa kalamu zitaisha duniani. Huyo ndiye Sasi, mchoraji wa ramani katika kampuni ya ujenzi, na alikuwa mtu wa Kondotti vilevile. Alikuja kutupigia makadirio ya nyumba.

Tuliongea lugha ya Doha, Kiarabu cha dukani kilichochanganywa na Kiingereza cha kubahatisha. Nawaandikia kwa Kiswahili ili msiteseke nilivyoteseka.

Sasi akaikunjua ramani mezani, akaibana kwa vikombe vya karaki, chai yao ya maziwa.

"Futi elfu moja na mia nne za mraba," akasema. "Mkandarasi wa Kondotti siku hizi anataka rupia elfu moja na mia nne kwa futi. Hiyo ni kazi ya kawaida. Laki ishirini kasoro kidogo."

Hapo nilifurahi, maana laki ni laki, hata marehemu bibi yangu aliijua.

"Kwa riyali je?"

"Rupia imeanguka vibaya wiki hii, kwa hiyo ni bei nzuri. Laki moja na elfu kumi hivi. Lakini msingi peke yake tunaanza na elfu kumi na nane."

Elfu kumi na nane kamili. Tazama jinsi msingi wa nyumba ulivyolingana na kifua changu. Mtu mwenye akili angeshtuka. Mimi niliona ni baraka.

"Kwa nini msingi uwe ghali hivyo?" nikauliza, ili wasinione wa kuja.

"Mchanga," Sasi akasema kwa huzuni. "Kuchota mtoni hawaruhusu. Lori moja la mchanga sasa hivi ni kama mahari."

Nikacheka. "Mchanga? Mume wangu anaendesha lori juu ya mchanga kutwa nzima! Doha yote hii ni mchanga!"

"Huu haujengi, dada. Ni laini mno, haushikani na simenti."

Nisar akanikanyaga mguu chini ya meza ninyamaze. Nikanywa chai.

Ikaja hesabu ya mawe mekundu ya kukata, ikaja ya nondo, ikaja ya mafundi. Sasi alikuwa anabonyeza simu yake na kupuliza pumzi kila jumla ilipotoka. Mimi nikawa naifuata ramani kwa kidole.

"Na hiki cha mbele ni nini?"

"Kibanda cha gari," Nisar akajibu.

"Gari lipi?"

"Gari litakuja. Nyumba ya mtu wa Ghuba bila kibanda cha gari, watu watasema nilikuja huku kufagia."

"Na hivi vya duara?"

"Nguzo," akasema Sasi. "Nne."

"Zinashikilia nini?"

"Hazishikilii kitu. Ni za kuonekana."

Wallahi nilimdharau mume wangu kwa dakika ile. Mtu analala juu ya kitanda cha ghorofa, soksi za Mnepali zinamning'inia puani, asubuhi anapanga foleni ya choo na ndoo mkononi. Huyo huyo anataka nguzo nne zisizoshika kitu na, kwa hesabu ya ramani, vyoo vitatu. Lakini msiwacheke hao peke yao. Nendeni Muheza mkatazame majumba ya waliotoka Uarabuni, ghorofa juu, bibi anajisaidia migombani.

"Na hiki huku nyuma?" Nilikuwa nimefika kwenye chumba kidogo sana, kimebanwa mgongoni mwa nyumba, kina choo chake na mlango unaofungukia nje.

"Stoo ya nazi," Nisar akasema haraka.

"Nazi zinaenda choo?"

Sasi akakohoa. Nisar akamtazama, kisha akanitazama mimi kwa tabasamu lake lile lililoniponza.

"Choo cha wakwezi, habibti. Wakishuka minazini wanakuwa wachafu."

Kwetu pia kuna wakwezi. Nikaridhika, kidole kikaendelea na safari yake. Kikafika jikoni. Jiko zuri, lina dirisha, lina mahali pa friji. Kikavuka ukuta.

Kikaingia jiko jingine.

Nikarudi nyuma, nikahesabu upya. Jiko, ukuta, jiko.

Sasa hapa lazima niwape habari za kwetu, la sivyo mtaniona kichaa. Mimi nimekulia katika nyumba yenye majiko mawili. Baba yangu alipomwoa Bi Mdogo alijenga jiko la pili upande wa pili wa ua, maana kwa watu wetu wake wawili hawapiki jiko moja. Mama yangu alikuwa akisimama mlangoni kwake kila jioni ananusa. Akinusa nyama kwa mwenzake wakati sisi tuna mchicha, hatulali. Nilijua jiko la pili maana yake ni nini kabla sijajua kusoma. Nikaapa nikiwa bado na meno ya utoto kwamba nyumba ya majiko mawili sitaikanyaga.

Nikakiondoa kidole kwenye ramani.

"Nisar, hii nyumba ina wake wangapi?"

"Nini?"

"Nakuuliza wake! Wangapi?"

"Sabra, watu wanasikia."

"Wasikie! Umenileta hapa nikuchangie jiko la mwanamke mwenzangu? Mimi nilipe mchanga wa mahari, yeye akaange samaki? Mwanamume huna hata gari, una kibanda! Huna hata mke mmoja wa kulala naye, unajenga majiko mawili! Ng'ombe wewe!"

Wanaume kama ishirini, wote Wakerala, wote vikombe mkononi, wakanigeukia. Sasi alikuwa ametoa macho. Kisha akaanza kucheka. Akacheka mpaka kalamu zikamdondoka.

"Dada," akasema akijifuta machozi, "kwetu kila nyumba ina majiko mawili."

"Kila mwanamume ana wake wawili?"

"Hapana! Jiko la kwanza ni la kuonekana. Makabati, marumaru, gesi. Wageni wakija wanalitazama. La pili ni la nyuma, la kuni. Huko ndiko moshi, huko ndiko samaki, huko ndiko kazi."

"Mnajenga jiko la kutazamwa?"

"Ndiyo."

Mpishi wa chapati akatoka nyuma ya kaunta, mikono imejaa unga. "Kwangu pia mawili, mama," akasema. "Mke wangu mmoja tu, na huyo mmoja ananitosha kwa kelele." Kafteria ikaangua kicheko. Mara kila mtu akawa na simu mkononi, kila mtu ananionyesha jiko la nyuma la kwao. Mzee mmoja aliniletea picha ya mkewe amechuchumaa mbele ya mafiga, moshi umemfunika uso, akaniambia kwa fahari kwamba jiko la mbele halijawahi kuwashwa tangu nyumba ihamiwe.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nimemwita mume wangu ng'ombe mbele ya watu wa kwao, kwa sababu ya jiko.

Nisar hakucheka. Hapo ndipo alipocheza mchezo wake. Aliinama, akaanza kuikunja ramani taratibu, kwa mikono ya mtu aliyefiwa.

"Basi, Sabra. Khalasi. Kama huniamini, tuache. Nitamwambia mama hakuna nyumba, hakuna mkwe. Nitamwambia nilikosea."

"Nisar..."

"Mimi nimemwambia mama habari zako zote. Mama anakusubiri wewe. Na wewe unaniita ng'ombe."

Sasi alikuwa anaokota kalamu zake chini ya meza. Alikawia sana kuokota kalamu, na mimi sikujiuliza kwa nini.

Wasomaji wangu, aibu ni kitu kibaya. Hasira ingeniokoa, lakini hasira ilikuwa imekwisha kuchekwa na watu ishirini. Niligeukia ukutani, nikaingiza mkono kifuani, nikaitoa bahasha ikiwa bado na joto langu. Nikamwekea juu ya ramani.

"Nisamehe," nikamwambia. "Nenda katume."

Ndiyo, mimi huyu. Niliomba msamaha, na nikalipia msamaha wenyewe.

Nisar hakusubiri niseme mara mbili. Duka la kutuma fedha lilikuwa ng'ambo ya barabara, linaonekana kupitia kioo cha kafteria. Foleni ilikuwa imetoka mpaka nje, maana wiki hiyo kila Mhindi wa Doha alikuwa na furaha ya ajabu: fedha ya kwao imeanguka na wao wanashangilia. Alivuka mbio, bahasha kwapani, akasimama nyuma ya watu wachache. Simu yake akaiacha kwenye kaunta ikichaji.

Nikabaki na Sasi na vikombe vitupu. Nilikuwa mwepesi, nawaambia ukweli. Nilijiona nimeshaingia ule mlango wa mfenesi.

Simu ya Nisar ikaita.

Mpishi akaichungulia. "Umma," akasema. Mama yake.

"Ipokee," nikamwambia Sasi. "Mwambie mwanawe anatuma pesa. Mwambie na mimi nipo, nataka kumsalimia."

"Atapiga tena baadaye, dada."

Ikakatika. Ikaita tena. Ikakatika, ikaita tena, mnawajua wale wazee wasiojua kuchoka. Mpishi akachoka yeye, akaichomoa, akamletea Sasi mkononi ikiwa imeshapokewa. Sauti ya kikongwe ikatoka humo kwa nguvu kama anatuita kutoka Kondotti bila simu.

Sasi akaongea. Akasikiliza. Akasema neno moja moja, "aa, aa," huku anakwepa macho yangu. Mimi nikawa natabasamu kama bibi harusi anayepigwa picha.

"Anasemaje?"

"Anauliza makadirio yamefika wapi."

"Na nini tena? Ameongea sana huyo."

"Basi, hayo tu."

"Sasi. Nitasimama juu ya hiki kiti nipige yowe ambalo hata polisi watakuja. Umeshasikia sauti yangu. Anasemaje?"

Akaiweka simu kifuani ili mama asisikie.

"Anauliza kile chumba cha nyuma. Anataka mlango wake ufungukie nje, upande wa jiko la kuni. Hataki... hataki mfanyakazi apite sebuleni."

"Mfanyakazi gani?"

Sasi akatazama kalamu zake.

"Mpishi. Yule Nisar anayemleta kutoka Doha baada ya Idi."

Nikamwelewa mara moja, ila moyo ukawa bado unakataa. Nikakumbuka nazi zinazokwenda choo. Nikakumbuka kikohozi chake.

"Wewe ulijua."

"Dada, mimi mchoraji tu."

"Mtu wa mji mmoja na yeye, ulijua! Nimekuuliza hapa mbele ya watu!"

"Uliuliza habari za majiko," Sasi akasema kwa sauti ndogo. "Za majiko nilikujibu kweli."

Nimeona watu duni Doha, na wengine nimewatandikia vitanda. Lakini huyo mwenye kalamu aliwapita wote. Alikaa pale akanihesabia mawe na nondo, akacheka mpaka akatoa machozi, na muda wote anajua mimi nalipia banda langu mwenyewe.

Nikatazama nje. Nisar alikuwa amefika dirishani, ameinama anaongea na mhudumu kupitia tundu la kioo. Nikasimama nikimbie. Kisha nikakaa tena. Sijui ilikuwaje. Labda nilitaka kwanza nisikie mpaka mwisho.

"Mwambie mama yake," nikasema. "Mwambie mimi si mpishi. Mwambie mimi ni mke wa Nisar. Sema hivyo hivyo."

"Dada, tafadhali..."

"Sema!"

Kabla hajafungua mdomo, kule kwenye simu kikongwe alikuwa ameshachoka kusubiri kimya. Tukasikia akiita mtu ndani ya nyumba. Tukasikia miguu inakuja. Kisha sauti nyingine ikaingia, sauti ya mwanamke kijana, ya upole, ya mtu aliyesoma. Alisema kitu kwa lugha yao. Sasi akafumba macho.

"Nani huyo?" nikamuuliza, ingawa nilishajua.

Nikampokonya simu.

"Haloo?"

"Oo, assalamu aleikum," sauti ikasema kwa Kiingereza kizuri kuliko cha Sasi na changu kwa pamoja. "Samahani, mama hasikii vizuri ndiyo maana anapiga kelele. Mimi ni Sajitha, mke wa Nisar. Wewe ndiye dada anayekuja kutupikia?"

Nikaibana simu sikioni kwa mikono miwili.

"Usiogope," akaendelea. Masikini, alikuwa na huruma kweli. "Nisar ametueleza yote. Kwamba huna kwenu, huna ndugu, na hutaki mshahara, unataka pa kulala tu na chakula. Nimemwambia huyo dada si mbwa, lazima awe na chumba chenye choo chake. Ni mimi niliyedai hicho choo."

Kumbe hata choo nilichosengenya ndicho wema pekee uliofanywa katika nyumba ile. Aliyenifanyia ni yeye.

Basi mambo yakanikaa sawa kichwani. Jiko la pili halikuwa la mke mwenza, Sasi alisema kweli. Jiko la pili lilikuwa langu, lile la kuni, lile la moshi na magamba ya samaki. La mbele, la makabati, lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa ananiongelesha kwa adabu zote. Miaka yote ile nilimwonea huruma mama yangu kwa kunusa moshi wa mwenzake. Angalau yeye mwenzake alimjua jina.

"Haloo? Dada? Uko hapo?"

Nikatazama nje tena. Nisar alikuwa anatoka dukani. Alisimama ukingoni mwa barabara akiyasubiri magari yapite, akaniona kupitia kioo. Akainua juu risiti, akaipeperusha, akanionyesha kidole gumba. Tabasamu lile lile. Bahasha ilikuwa haipo tena kwapani, riyali zangu zilikuwa zimeshakwenda Kondotti kabla yangu.

Ningeweza kumpasulia yule mwanamke moyo kwa neno moja. Neno lilikuwa mdomoni, tamu. Sasi alikuwa amekutanisha viganja kifuani ananiomba kwa macho. Mpishi wa chapati alikuwa amesimama na unga wake, anaangalia huku na huku.

Magari yakapungua. Nisar akaanza kuvuka.

"Nipo, dada Sajitha," nikasema, na sauti yangu ikatoka laini, ile ya koridoni, ya kuegemea ukuta na kutabasamu. "Ndiyo, mpishi ni mimi. Tiketi ninayo na nakuja. Ila nisaidie kitu kimoja nisije nikakosea siku ya kwanza."

"Sema tu."

Mlango wa kafteria ukafunguka.

"Huyo mume wako," nikamuuliza, huku namtazama anaingia, "chakula chake nikitie chumvi kiasi gani?"